Kikapu cha Barua

Mjomba Hylke alikiandika kitabu miaka kumi na tisa,
na macho yake yakaishia humo.
Kilipotoka kiwandani, kizito kama tofali,
hakuweza kulisoma hata jina lake jaladani.
Alilipapasa kwa kidole gumba, akasema: "Limo."

Kisha zikaja barua.
Sjoerd, tarishi wa Franeker, yule mwenye goti bovu,
alizileta na theluji mabegani,
akiguna kana kwamba teolojia inauzwa kwa ratili.
Nikazitia katika kikapu cha kuni,
na kila jioni, taa ikishawashwa, nikamsomea.

Mwokaji mikate wa Harlingen:
"Ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili
unasema wale elfu tano walikuwa na mikate yao,
wameifutika vibindoni,
wakamwona yule mtoto, wakaona haya, wakaitoa.
Mimi nimeuza mkate miaka thelathini.
Mwenye mkate uliofichwa namjua kwa jina na kwa mtaa.
Muujiza wako, Bwana, ni mgumu kuliko ule wa zamani."
Mjomba alicheka hadi akapaliwa.
"Rudia," akasema. "Hapo pa mwisho."

Shemasi mmoja hakumtaja Yesu hata mara moja.
Alihesabu makosa ya chapa: arobaini na saba.
Mwingine alikirudisha kitabu kimekatwa kwa msumeno,
kazi safi, lazima nikiri, bila kibanzi,
na kikaratasi: "Nusu unayoiamini ni ipi?"
(Nadhani naye alikuwa seremala.)

Bi Roosje Drukker, Myahudi wa Leeuwarden:
"Kurasa mia sita, na mama yake umempa mistari minne.
Ile zaburi aliyoililia mtini,
unadhani aliifundishwa na nani?"
Hapo mjomba hakucheka.

Na msichana wa Dokkum, miaka kumi na mmoja:
"Umeandika kwamba hakuna ajuaye sura yake.
Mimi naijua. Anafanana na kaka yangu Wiebe,
ila yeye hana chongo."

Wachungaji, wacha niwaruke. Walikuwa wengi,
na Kigiriki chao kilinitoa jasho.

Mwezi wa pili ikaja moja kutoka Drachten,
imeandikwa na mkono wa kuazima:
"Mume wangu alikuwa mchimba mboji. Alinisomea kitabu chako
usiku, kidogo kidogo, kwa sababu ya kifua.
Amefariki tukiwa ukurasa wa mia nne na tatu.
Nimeweka utepe. Mimi kusoma sijui.
Naomba kuuliza tu:
katika kitabu chako, anafufuka?"

Kuni zililia mekoni.
Sura ile niliinakili mimi, kwa mkono huu:
kurasa sitini, nadharia saba,
tanbihi ndefu kuliko maelezo.

"Andika," akasema. "Bibi mheshimiwa,
yapasa kwanza tutofautishe..."
Akanyamaza. "Futa."
"Bibi mheshimiwa, mashahidi wa kale..."
"Futa."
Karatasi ya sita ilibaki na neno Bibi peke yake.

"Mia nne na tatu kuna nini?"
"Anawaosha miguu, Mjomba."
"Ameshafika kwa Petro?"
"Bado. Ndiyo kwanza anajifunga kitambaa."

Alikaa kimya hadi mafuta ya taa yakapungua.
Kisha akauliza kama farasi wa jirani ana njumu za barafu.

Tulikifunga kitabu ndani ya foronya.
Njia nzima alikipakata, macho yake meupe
yakiutazama mfereji ulioganda asiouona.
Bi Aukje alikuwa ameweka viti vitatu,
kimoja kina kofia juu yake.
Sikuambiwa nikae wapi.
Nilisimama, nikafungua penye utepe.

Sjoerd alilalamika hadi Pasaka:
siku tatu amegonga na goti lake lile,
barua mkononi,
mlango umefungwa.